Waranti ya Kasuku: Sauti ya Nani?

SEHEMU YA SABA

Kidole cha meneja kilikuwa juu ya kitufe.

Hapo ndipo nafasi yangu gazetini ilipokwisha wiki iliyopita, na najua wapo walionitukana. Haya, nimerudi, na kidole kiko palepale. Watu watano wamebanana katika ofisi ya ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na kupitia kioo unaziona runinga ishirini huko chini zikionyesha mpira uleule kwa rangi ishirini tofauti.

Aliyepitwa asinung'unike, nitamsimulia kwa pumzi moja.

Yule mwanamke aliyejifunga skafu shingoni kama mgonjwa ni Kasuku. Jina hilo alipewa na wenzake wa dukani, kwa jinsi alivyokuwa akiyamwaga maneno ya waranti ya nyongeza, yale ya "miaka mitano bila wasiwasi", bila kumeza mate. Hakuna muuzaji aliyemfikia. Leo hajasema neno tangu afike kazini. Anadai koo limemkauka, na akiulizwa kitu anaandika kwenye kijidaftari.

Upande wa pili wa meza amekaa Mama Nyuzi, fundi wa kudarizi, mwenye miwani minene na mikono inayotetemeka. Mashine yake ya kudarizi, ile ya kompyuta, ilizima mwezi wa nane tangu ainunue hapa. Waranti anayo. Duka linasema haimsaidii kitu. Amekuja na binti yake, mwenye ulimi kama wembe. Kichwani mwa meza yupo Afisa kutoka ofisi ya kutetea wanunuzi, mwanamke mtulivu, na mbele yake kuna faili moja na bahasha ya kaki ambayo hajaifungua.

Sasa siri. Mama Nyuzi ni mama mkwe wa Kasuku. Wanaishi nyumba moja, asubuhi hii wametoka mlango mmoja, wakaachana kwenye kona ili wasionekane pamoja. Duka lina kanuni: muuzaji haruhusiwi kumuuzia ndugu yake waranti. Akibainika, kazi hana.

"Mama, ukifika pale hunijui," Kasuku alimwomba wakati wa chai.

"Nisikujue wewe? Na hicho kikombe unachonywea ni cha nani?"

"Mama, nakuomba."

"Haya, sikujui," mama mkwe akasema huku akicheka machoni. "Maliza mkate wako."

Na chini ya siri hiyo kuna nyingine ambayo hata mama mkwe haijui. Meneja anasema anayo rekodi ya simu ambayo ndani yake mteja anakiri kwamba mashine ni ya matumizi ya nyumbani tu. Mama Nyuzi anaapa kuwa hajawahi kupigiwa simu hiyo. Wote wawili wanasema kweli. Rekodi ipo, na mama hakupigiwa. Sauti iliyomo ni ya Kasuku.

"Tumsikilize mteja mwenyewe," meneja akasema, akabonyeza.

Kompyuta ikalia tii! Kisha kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Akaibonyeza kwa nguvu kama mtu anayeua mdudu. Kwenye kioo cha kompyuta kaduara kakawa kanazunguka tu.

"Mtandao," meneja akasema, akiifuta shingo kwa kitambaa. "Mheshimiwa Afisa, labda tuiahirishe mpaka..."

"Nilikuja kusikiliza. Siondoki bila kusikiliza."

"Basi dakika kumi. Nimwite fundi wa kompyuta."

Dakika kumi! Kasuku alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Miguu ilimtoa ofisini kabla ya akili kuamua inakwenda wapi.

Alisimama kwenye ujia, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, akajimiminia kikombe kizima. Koo lake lilikuwa zima kabisa. Iliyomkauka ilikuwa ni roho.

Ninyi mnaonunua vitu madukani pengine hamjui mambo haya, kwa hiyo ngoja niwaibie siri ya wenyewe. Muuzaji akishakuuzia waranti ya nyongeza, makao makuu hukupigia simu ya uthibitisho. Binti wa huko anakusomea maswali manane mbiombio, na wewe unajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Swali la tano ndilo lenye sumu: unathibitisha kwamba kifaa hiki ni cha matumizi ya nyumbani pekee, na kikitumika kibiashara waranti imekufa? Mteja akilisikia hilo vizuri atauliza. Akiuliza, ataghairi.

Kwa hiyo wauzaji waligundua dawa. Kwenye fomu, mahali pa simu ya mteja, unaandika laini yako ya pili. Mteja akishaondoka na boksi lake, unajificha nyuma ya mafriji, simu inalia, unajibu wewe. Wenyewe waliita "kumwitikia mteja". Hakuna aliyeuona kuwa ni wizi. Walipongezana kama waimbaji wa kwaya.

Kasuku alikuwa fundi wa kuitikia. Wateja vijana aliwajibia kwa sauti yake ya kawaida, akiipandisha kidogo. Akina mama wa makamo alikuwa na sauti yao maalumu, nzito na ya taratibu, yenye kikohozi kimoja kikavu, kisha viwili vifupi, kisha "haya, mwanangu". Hakuitunga. Alikuwa akiisikia kila siku kutoka chumba cha pili, kwa Mama Nyuzi, na siku ya kwanza ilimtoka tu mdomoni.

Na siku Mama Nyuzi alipokuja kununua, ilikuwa mwisho wa mwezi, na Kasuku alibakiza waranti moja kufikisha lengo. Asiyefikisha huhamishiwa stoo kubeba maboksi.

"Mimi nataka mashine tu," mama mkwe alisema siku ile. "Hayo makaratasi mengine sitaki."

"Mama, chukua. Ikiharibika hata kijitaa kimoja, wanaifuata mlangoni na wanakuachia nyingine ya kufanyia kazi."

"Hata kama nashonea watu?"

"Hata ukilishonea jeshi zima."

Maneno hayo Kasuku aliyasema akitabasamu. Kila alipoyakumbuka sasa, alitamani kuyarudisha mdomoni na kuyameza.

"Koo linaendeleaje, dada muuzaji?"

Kasuku aligeuka. Wifi yake, yule binti wa Mama Nyuzi, alikuwa amejiegemeza ukutani, mikono kifuani.

Kasuku akaonyesha shingo, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Pole sana. Maana jana jioni ulikuwa unaimba jikoni mpaka mabati yanatikisika." Wifi akasogea karibu, sauti ikashuka. "Mimi si mama, wifi. Mama akikupenda, anakupenda na upofu juu. Una jambo wewe. Na leo nitalijua."

"Umwache mtu na koo lake," sauti nyingine ikasema nyuma yao.

Mama Nyuzi alikuwa amewafuata taratibu. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, kisha akamtia Kasuku kitu kiganjani. Ilikuwa peremende ya koo, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kudarizia.

"Samahani, dada muuzaji, nimeona unaumwa," akasema kwa sauti ya kusikika. Kisha akanong'ona, "Usihofu, mwanangu. Simu hiyo sikupigiwa. Wakiifungua hawatanikuta humo, wataaibika wenyewe. Kabla ya Ijumaa mashine itakuwa inanguruma."

Ijumaa. Wauguzi mia tatu wa hospitali kubwa walikuwa wanasubiri sare zilizodariziwa majina kifuani. Zisipofika Ijumaa, kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Lakini haikuwa kazi hiyo tu. Mikono ya Mama Nyuzi ilipoanza kutetemeka, miaka miwili nyuma, alishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Akawa anakaa sebuleni akiitazama mikono yake mwenyewe, haongei, hali. Mashine ile ndiyo iliyomwinua. Unaiandikia jina, unabonyeza, sindano inakwenda yenyewe imenyooka. "Imenirudishia mikono," aliwaambia majirani.

Kasuku alitaka kusema. Wallahi msomaji, alitaka. Alifungua mdomo na neno "Mama" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Wewe!" meneja akaita kutoka mlango wa stoo. "Hebu njoo hapa mara moja."

Stoo ilikuwa imejaa maboksi mpaka darini. Meneja alifunga mlango kwa kisigino.

"Unaweza kuivua hiyo skafu," akasema. "Mimi si Afisa."

Kasuku akaonyesha koo.

"Acha. Rekodi niliisikiliza jana, nikairudia. Nimekusikia ukipiga domo kwenye duka hili miaka mitatu. Unadhani siijui sauti yako hata ukiifunika gunia?"

Kasuku akaikaza skafu.

"Sasa unisikilize, na usitikise kichwa hicho mpaka nimalize. Fundi ameshatengeneza. Tutaingia, tutaisikiliza. Yule mama atasema si yeye, na mimi nitasema ni yeye, na ni neno la kizee dhidi ya mashine. Wewe unanyamaza hivyohivyo, koo linauma. Mwezi ujao ninahitaji msimamizi wa wauzaji. Umenielewa?"

"Na nikisema?" Kasuku akanong'ona. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie dukani, na lilitoka na mikwaruzo ya kweli.

"Ukisema, umeghushi. Duka halijui kitu, duka limesikitika sana, na mimi mwenyewe nitakupeleka polisi nikilia machozi." Akamfungulia mlango kwa adabu. "Mtu mwenyewe si ndugu yako. Yanini ujichome kwa ajili yake?"

Mnaona mtego ulivyomkaa? Akisema, anafungwa. Asiposema, mama mkwe anarudi sebuleni kuitazama mikono. Na meneja hata hajui ameukaza kiasi gani.

Wakaingia. Wakakaa. Fundi wa kompyuta akachomoa waya wake, akaondoka. Afisa alimtazama Kasuku akiketi.

"Hujapata nafuu?"

Kasuku akatikisa kichwa.

"Hata neno moja? Jina lako tu, niliweke kwenye kumbukumbu."

Kasuku akaandika jina kwenye kijidaftari, akakisukuma. Afisa alikisoma polepole, akakiweka juu ya ile bahasha ya kaki, akasema, "Haya. Tusikilize."

Mara hii kompyuta haikugoma.

*"Habari za leo, unazungumza na kitengo cha uthibitisho..."* ikaanza sauti ya binti wa makao makuu, inakimbia kama imefukuzwa. Swali la kwanza. Ndiyo. Swali la pili. Ndiyo. Sauti iliyojibu ilikuwa nzito na ya taratibu. Mama Nyuzi aliinua kichwa. Wifi aliacha kucheza na kamba ya mkoba.

*"...unathibitisha kwamba mashine hii ni ya matumizi ya nyumbani pekee, na kwamba ikitumika kibiashara waranti haitakuwa na nguvu?"*

Kikohozi kimoja kikavu. Viwili vifupi.

*"Haya, mwanangu. Nimeelewa. Ni ya nyumbani tu."*

Meneja akaizima. Akakunja mikono juu ya tumbo. "Mheshimiwa, mimi sina la kuongeza."

"Mama," Afisa akauliza, "hiyo ni sauti yako?"

 Mama Nyuzi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaivaa tena. "Nirudishie."

Ikarudiwa. Kikohozi, vikohozi, haya mwanangu.

"Tena."

Ikarudiwa mara ya tatu. Safari hii Mama Nyuzi hakuitazama kompyuta. Alimtazama Kasuku. Na Kasuku, ambaye aliweza kumtazama mteja usoni akamwapia miaka mitano bila wasiwasi, alishindwa kuinua macho kutoka mezani. Peremende ilikuwa bado mkononi mwake, imeanza kuyeyuka ndani ya kile kitambaa.

Alijua kwamba mama amejua. Alitamani sakafu ipasuke, aangukie huko chini kwenye mafriji.

"Mheshimiwa," Mama Nyuzi akasema taratibu, "nikisema si yangu, itakuwaje?"

"Tutamtafuta mwenyewe. Kumwigiza mtu kwenye mkataba ni kosa la jinai, mama. Huyo atafikishwa polisi."

"Na nikisema ni yangu?"

"Malalamiko yako yanaishia hapa. Mashine huna."

Mama Nyuzi aliitazama mikono yake iliyokuwa inacheza juu ya meza. Akaishika, mmoja kwa mwingine, ili itulie. Haikutulia.

"Ni yangu," akasema.

"Mama!" Wifi alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Mama, wewe simu ile hukupigiwa! Siku ile tulikuwa wote, simu yako ilikuwa imezimika! Hii si sauti yako, hii ni..."

"Kaa chini."

"Mama, hii sauti mimi naijua!"

"Nimesema kaa!" Hata meneja alishtuka. Mama Nyuzi akashusha pumzi. "Mimi mzee, nasahau. Nimeikumbuka sasa. Ni mimi niliyesema."

Wifi aliokota kiti, akakaa. Hakumtazama mama yake tena. Alimkazia macho Kasuku, na macho yale yalikuwa yameshamaliza kazi ya kuuliza.

Meneja alikuwa mwepesi. Karatasi ilitoka kwenye droo kabla hewa haijapoa. "Basi mama asaini tu hapa, kwamba rekodi ni yake, na malalamiko ameyafuta kwa hiari. Kalamu hii."

Mama Nyuzi akaishika kalamu. Ncha iligusa karatasi, ikaruka, ikachora mstari kama wa mtoto. Akajaribu tena. Ikaruka tena.

"Msaidie mteja," meneja akamwambia Kasuku, akitabasamu.

Kasuku hakuinuka.

"Msaidie mteja, bibie."

Akainuka. Akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, akainama, akaufunika mkono ule kwa mkono wake. Ulikuwa na vikovu vidogo vya sindano kwenye kidole cha shahada, vya miaka arobaini ya kazi. Aliusikia ukitetemeka ndani ya kiganja chake kama kifaranga. Pua yake ilikuwa karibu na kitambaa cha kichwani cha mama, chenye harufu ya sabuni ileile anayofulia yeye.

Sema sasa, alijiambia. Sema, mwoga wee.

Wakasaini pamoja, herufi kwa herufi, jina zima. Mwandiko ulitoka umenyooka.

"Ahsante, dada muuzaji," Mama Nyuzi akasema bila kugeuka.

Kasuku alirudi kwenye kiti chake akiwa amekufa ganzi. Yaani basi. Kazi anayo, tena ya usimamizi. Siri imezikwa. Jumapili mumewe, dereva wa malori, atarudi safari na kukuta nyumba ina amani. Mbona basi hakuweza kumtazama mama?

Meneja alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Afisa, tunashukuru sana kwa muda wako. Naomba nikusindikize."

Afisa hakusimama. Aliichukua ile karatasi, akaipulizia wino ukauke, akaiweka kwenye faili lake. Kisha akakiondoa kile kijidaftari cha Kasuku juu ya bahasha ya kaki, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaifungua.

"Mama, nakushukuru sana," akasema. "Umenipunguzia kazi ya miezi mitatu."

"Kazi gani, mwanangu?"

Afisa akatoa karatasi, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani. "Huyu alinunua friji hapa. Huyu runinga. Huyu mashine ya kufulia, huyu jiko la umeme. Wako kumi na mmoja, wote wanawake wa makamo, wote wana waranti ya nyongeza iliyokataliwa. Wote wanaapa kwamba hawakuwahi kupigiwa simu ya uthibitisho. Rekodi zao niliziomba makao makuu, nikazisikiliza zote." Akaigonga karatasi ya mwisho kwa kidole. "Wateja kumi na mmoja, kikohozi kimoja."

Tabasamu la meneja lilibaki mdomoni lakini damu ilikuwa imeondoka usoni.

"Nilijua kuna mtu mmoja anayewaitikia wote," Afisa akaendelea. "Nilichokosa ni mtu wa kuniambia sauti hii ni ya nani. Leo nimempata. Ameikubali mbele ya mashahidi, na amesaini. Mama, kwa hiyo wewe ndiye uliyeghushi simu za hawa wote kumi na mmoja?"

Mama Nyuzi akafungua mdomo. 

Aliyepata sauti haraka alikuwa meneja. Mtu yule angeweza kukuuzia kivuli chako. "Kumbe!" akapiga meza. "Mheshimiwa, tumetapeliwa! Huyu mama ana genge lake, anajipenyeza dukani kwangu! Ndiyo maana alikuja na vurugu zote hizi! Naita mlinzi sasa hivi!"

"Mama, sema!" Wifi alimshika mama yake bega, akamtikisa. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sema ni nani! Mama, utafungwa kwa ajili ya nani?"

Mama Nyuzi alitikisa kichwa. Alitaka kuzungumza, lakini hofu ilikuwa imemkaba kifua, na kifua chake tangu zamani kilikuwa na jibu moja tu.

Akakohoa.

Kimoja kikavu. Kisha viwili vifupi.

 Afisa aliandika kitu kwenye faili lake, akapiga mstari chini yake. Hata Wifi aliishusha mikono. Kama kulikuwa na mtu humo ndani aliyebakiwa na shaka, kikohozi kile kiliimaliza.

Kasuku alimwona mama mkwe wake akiangalia huku na huku, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake na haoni mlango ulipo.  Meneja alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni, na jicho lilisema: koo linauma.

Kasuku akaivua skafu.

Akaiweka juu ya meza, akaikunja vizuri kama anayepanga bidhaa. Kisha, akimtazama Afisa usoni, akakohoa. Kimoja kikavu. Viwili vifupi.

"Haya, mwanangu," akasema kwa ile sauti nzito na ya taratibu. "Nimeelewa. Ni ya nyumbani tu."

Kalamu ya Afisa ilisimama.

Ilikuwa ileile. Ilikuwa imetoka kwenye mdomo wa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na wote nywele zikawasimama.

"Ni mimi," Kasuku akasema, sasa kwa sauti yake. Akishaanza, nani wa kumzuia Kasuku? "Wote kumi na mmoja ni mimi, na wapo wengine hawajakufikia. Na huyu bosi anajua, ameniambia stoo dakika kumi zilizopita. Huyu mama hajaghushi kitu. Nilimwambia waranti inafaa hata kwa kazi, nikijua haifai. Amekubali sauti si yake ili mimi nisifungwe, kwa sababu mimi ni mkwewe. Naishi kwake. Ameolewa... nimeolewa na mwanawe." Maneno yalikuwa yanagongana. "Mwandike mimi. Mfute yeye."

"Mwongo!" meneja akafoka. "Amechanganyikiwa! Anataka kumwokoa mwenzake wa genge! Muulizeni huyo mama kama anamjua! Si walikuja hapa kama watu wasiojuana?"

Afisa akainua mkono, meneja akanyamaza. Akalisogeza faili, akamgeukia Mama Nyuzi, na swali lake lilikuwa la upole kabisa.

"Mama, tazama vizuri kabla hujajibu. Huyu anasema ni mkweo. Unamjua?"

Mama Nyuzi alimtazama Kasuku. Alimtazama kuanzia skafu iliyokunjwa, akapanda mpaka mdomoni, akakaa hapo muda mrefu, kwenye mdomo uliobeba kifua chake na kikohozi chake ukaenda kukiuza kwa watu wasiomjua.

Mikono yake, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, ilikuwa imetulia.

"Huyu?" akasema. "Simjui."

Kasuku alimtazama machoni, akiutafuta ule utani wa wakati wa chai. Alitafuta sana. Haukuwepo.